Breki ya Nyuma

Kila siku baada ya masomo, Spoku alivua viatu vya shule mlangoni mwa karakana ya baba yake, akavaa ndala na kuketi kwenye kigoda karibu na beseni la maji. Kazi yake ilikuwa kutafuta matundu. Aliijaza tyubu upepo, akaizamisha majini, akasubiri mapovu yatokee, kisha akatia alama ya chaki palipotoboka. Watu walimwita Spoku kwa sababu alikuwa mwembamba na mgumu kama waya za gurudumu, na jina lenyewe hakulichukia. Akiwa na miaka kumi na miwili aliweza kufunga mnyororo, kunyoosha rimu na kurekebisha breki bila kumuuliza mtu. Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Lakini siku moja alimwambia mteja, "Mpe huyo binti. Mkono wake ni kama wangu." Spoku alitembea na maneno hayo kifuani kwa wiki nzima.

Mwaka huo Mwalimu wa michezo alipanga safari ya baiskeli ya siku tatu. Wanafunzi kumi na wawili, Spoku akiwamo, wangeifuata njia ya mahujaji wa kale, iliyopanda na kushuka vilima vingi mpaka kwenye kanisa dogo la mawe lililojengwa karne nyingi zilizopita. Fundi aliombwa aendeshe pikapu ya mizigo, na kila jioni akague baiskeli zote na kutia sahihi kwenye daftari la Mwalimu.

Miongoni mwa hao kumi na wawili alikuwamo msichana mmoja mnene na mpole, mtoto wa mshonaji, aliyehamia shuleni muhula uleule. Hakuwa na baiskeli yake. Aliazimwa ya shule, nzito, yenye siti iliyochanika. Kabla hawajafika hata kilima cha kwanza, Mrefu, rafiki mkubwa wa Spoku, alikwisha kumpa jina.

"Leo tunavuta gunia," alisema, na wote wakacheka. Tangu hapo msichana yule akawa Gunia.

Penye nguzo ya kwanza ya mawe, iliyochongwa alama ya unyayo, Mwalimu aliwasimamisha. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika mbali.

"Mahujaji walitembea kwa mwendo wa yule wa mwisho," alisema. "Njia hii ilikuwa na wanyang'anyi, na aliyeachwa nyuma hakuonekana tena. Sisi nasi tutakwenda hivyohivyo. Hakuna anayefika mpaka wote wamefika. Atakayeshindwa kabisa atapanda pikapu, na si aibu."

Spoku hakuipenda sheria hiyo hata kidogo. Siku ya kwanza alimsubiri Gunia juu ya vilima kumi na kimoja, alivihesabu. Ndipo yeye na Mrefu wakabuni mchezo. Kila Gunia alipofika kileleni akihema, uso umelowa jasho, walipiga makofi polepole, halafu wakapanda baiskeli zao palepale na kuondoka. Wao walikuwa wamepumzika vya kutosha. Yeye hakupumzika hata mara moja kutwa nzima.

"Samahani, nimewachelewesha," Gunia alisema kila mara, akitabasamu.

Tabasamu hilo ndilo lililomkera Spoku kuliko kitu chochote. Kama Gunia angelia, au angetukana, huenda Spoku angemwacha.

Asubuhi ya pili, wenzake wakiwa bado wanakunywa chai ndani ya nyumba ya wageni, Spoku alikwenda peke yake zilikoegeshwa baiskeli. Aliinua ile nzito ya shule, akakizungusha kinati, ile nati ndogo ya kukazia waya wa breki ya nyuma, mizunguko mitatu tu. Raba za breki zikaigusa rimu na kubaki zimeigusa. Sasa baiskeli ingekwenda kama imefungwa kamba nyuma. Si kwamba alitaka mtu aumie. Alitaka Gunia achoke, akubali kushindwa, apande pikapu, na wao wengine waende wanavyotaka.

Siku hiyo mvua ilinyesha, na njia ikawa tope jekundu lenye mchanga. Gunia alipanda kilima cha kwanza kwa kusukuma pedali huku amesimama. Cha pili alikipanda kwa miguu akiisukuma baiskeli, na hata kuisukuma kulimshinda. Ilibidi aegemeze kifua kwenye usukani. Spoku alimtazama kutoka juu. Alijua kila kinachotokea kwenye gurudumu lile, jinsi mchanga ulivyoingia kati ya raba na rimu na kusaga kama msasa. Mrefu alipiga makofi yake ya polepole. Spoku naye akapiga.

"Panda pikapu, mwanangu," Fundi alimwambia Gunia adhuhuri, akiwa ameshusha kioo cha gari.

"Bado kidogo, mzee wangu," alijibu. "Miguu yangu ni mizito leo, lakini itazoea."

Magoti yake yalikuwa yamevimba. Hakupanda.

Jioni hiyo mnyororo wa baiskeli ya Mwalimu ulikuwa umekatika, na Fundi aliushughulikia kwa muda mrefu, mikono imejaa grisi. Giza lilipoanza kuingia aliuliza, "Ile ya yule binti mpole bado?"

Spoku alikuwa na nafasi ya kukilegeza kinati kwa sekunde chache tu. Lakini baba yake angeona raba zilivyolika, angeuliza, na majibu hakuwa nayo. Isitoshe, kesho ilikuwa siku ya mwisho. Labda kesho Gunia angekata tamaa.

"Nimeshaikagua, Baba. Iko sawa."

Fundi hakumuuliza mara mbili. Alifuta vidole kwenye suruali, akatia sahihi.

Siku ya tatu, njia ilishuka kabla ya kupanda kilima cha kanisa. Ulikuwa mteremko mrefu wa mawe yaliyosuguliwa na nyayo za miaka na miaka, wenye kona tatu kali. Fundi aliwakusanya juu na kuwakumbusha: breki ya nyuma kwanza, taratibu, ya mbele usiibane kwa nguvu, itakurusha. Kisha alizunguka na pikapu kwa barabara ya magari.

Spoku alikuwa amekwisha kupita kona ya kwanza aliposikia nyuma yake mlio wa chuma kikisaga chuma. Aliutambua kabla hajageuka. Raba zilikuwa zimekwisha.

Gunia alimpita kwa kasi, mikono imekakamaa, macho yamemtoka.

"Haishiki," alisema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeomba msaada kwa aliye karibu. "Breki haishiki."

Kwenye kona ya pili aliibana breki ya mbele. Baiskeli ilisimama, yeye hakusimama. Alirushwa juu ya usukani, akapiga uso kwenye ukuta wa mawe, na mkono wa kulia ukakunjika chini yake upande ambao mkono haukunjiki.

Kwenye zahanati ya chini ya kilima, muuguzi alimshona kidevu nyuzi saba na kuufunga mkono kwa vibanzi, wakati gari la wagonjwa likingojewa. Meno mawili ya mbele yalikuwa yamebaki njiani. Wanafunzi waliketi barazani kwenye mabenchi.

Fundi aliilaza baiskeli uani. Alizungusha gurudumu la nyuma, chuma kikakwaruza rimu. Akaushika waya wa breki, akaufuata kwa kidole mpaka kwenye kinati kilichokazwa kupita kiasi, na hapo kidole kikatulia. Halafu akainua macho, akamtazama binti yake. Spoku akatazama viatu vyake.

"Sahihi hii ni ya nani?" Mwalimu aliuliza, daftari mkononi.

"Ni yangu."

"Na hizi raba ulizikagua?"

"Nimeweka sahihi, Mwalimu. Kosa ni langu."

"Miaka tisa umetutengenezea baiskeli." Sauti ya Mwalimu ilitetemeka kwa hasira. "Sitakukabidhi tena mtoto wala baiskeli ya shule."

"Naelewa," alisema Fundi.

Saa mbili baadaye mama yake Gunia alifika, vipande vya uzi bado vimemganda kwenye blauzi. Aliingia ndani, akatoka na uso uliobadilika, akaenda moja kwa moja kwa Fundi.

"Wewe ndiye fundi?"

"Mimi, mama."

"Umemwona mwanangu mdomo ulivyo? Mtu mzima mwenye watoto, unawezaje kuweka sahihi kitu ambacho hukukitazama? Ulikuwa unafanya nini?"

Fundi aliinamisha kichwa. Spoku alimwona baba yake, ambaye wateja walimpisha njia mtaani, amesimama mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Na alielewa kwamba baba anajua kila kitu na hatasema. Anamngoja yeye.

"Si yeye," Spoku alisema. Sauti ilitoka ndogo mno, ikabidi arudie. "Si Baba. Ni mimi. Niliikaza breki jana asubuhi. Kisha nikamdanganya kwamba nimeikagua."

"Ukaikaza kwa nini?" aliuliza Mwalimu.

"Ili achoke. Apande pikapu."

Kwenye benchi, Mrefu, aliyekuwa amecheka kuliko wote, alisogea pembeni. "Mimi sikujua," alisema, akahamia benchi la pili.

Mlango wa chumba cha matibabu ulikuwa wazi. Kutoka kitandani Gunia alikuwa amesikia. Aliongea kwa shida kwa sababu ya midomo iliyovimba, lakini kila mtu alimsikia.

"Jana kutwa nilikuwa naiuliza miguu yangu ina nini. Nililala naitukana."

Spoku aliingia mpaka mlangoni, akamwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, mara ya kwanza tangu waanze safari. "Nisamehe."

"Toka," Gunia alisema, akageukia ukutani.

Mwalimu alimwomba Fundi radhi mbele ya wanafunzi wote, na kumrudishia kazi ya kukagua baiskeli na kutia sahihi. Spoku aliondolewa kwenye kundi la baiskeli. Kwa wiki tisa, mkono wa Gunia ulipokuwa kwenye plasta, Spoku alikwenda kila jioni nyumbani kwa mshonaji kumnakilia masomo. Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna aliyemkaribisha. Aliketi karibu na cherehani, akaandika, akafunga daftari. Gunia alisema tu, "Andika hapa," au, "Umeruka mstari." Wakati mwingine hakusema kitu, na Spoku alirudi nyumbani akilia njia nzima.

Mkono ulipopona, Mwalimu alitangaza kwamba safari haijaisha, kwa kuwa hakuna aliyefika. Gunia alikubali kwenda, na akataka Spoku naye awemo.

"Aje," alisema. "Lakini baiskeli yangu aikague Fundi, yeye asiiguse."

Walianzia mwishoni mwa mteremko, wakapanda kilima cha kanisa polepole. Gunia alitangulia, na wote wakafuata mwendo wake. Hakuwa hodari, ila hakuwa dhaifu pia. Breki ikiwa huru, alipanda kama mtu mwingine yeyote. Spoku alikuwa wa mwisho.

Juu, wenzao walipokuwa wakiingia kanisani, alibaki nje na baba yake karibu na pikapu.

"Baba, atanisamehe kweli?"

"Sijui. Hilo ni lake, si lako wala langu." Fundi aliketi kwenye ngazi ya jiwe, akampisha nafasi. "Mimi nitakwambia langu. Wewe unadhani kosa lako ni kukizungusha kile kinati. Hiyo ilikuwa dakika moja. Ulikuwa na kutwa nzima ya kumtazama anateseka, ukapiga makofi. Ulikuwa na jioni ya kuniambia ukweli, ukaniambia uongo. Mtu akikukabidhi baiskeli yake, amekukabidhi mifupa yake. Kwa hiyo usiguse chombo cha mtu ukiwa umemchukia. Na ukikosea, sema siku ileile, wakati bado yuko juu, hajaanza kuteremka."

Spoku aliitikia kwa kichwa. Gunia akatoka kanisani, pengo likionekana alipokuwa akizungumza na Mwalimu, akaipita pikapu bila kuwatazama, akaketi kwenye nyasi kuyapumzisha magoti yake.