Fundi Aliyevuka Barabara

"Amevuka barabara, Gode! Ameniona kwa macho yake mawili, akavuka!"

Mama Esperansi alitua kikapu cha nyanya na kisamvu juu ya meza, akaketi bila hata kufungua khanga ya kichwani. Binti yake Godeliva alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Amevuka nani, mama?"

"Mchumba wako. Octavian. Mimi natoka sokoni, yeye anakuja na ubao begani. Aliponiona akavua kofia, akageukia ukuta wa nyumba ya watu, halafu huyoo, ng'ambo. Nusura bajaji imkumbe."

"Labda hakukuona vizuri."

"Asiyekuona havui kofia, mwanangu. Alivua kama mtu anayepita msibani."

 Godeliva alitoa jiwe moja kwenye mchele, akalitupa nje kwa nguvu zaidi kuliko lilivyostahili.

Mgahawa wao ulikuwa Mtendeni, mjini Tabora, chumba kimoja chenye meza sita, jikoni kwa nyuma, pazia la kitenge katikati. Watu walifuata maharage ya mawese, ndizi za kupika, na kisamvu kilichotwangwa mpaka kikalainika kama uji. Mabenchi yote yalikuwa ya mninga, na aliyeyachonga ni huyo huyo Octavian, fundi mkuu wa karakana ya seremala mtaa wa pili.

Kijana yule alikuwa na msemo wake: pesa ya Tabora ilale Tabora. Ukinunua sabuni, nunua kwa Bi Mwanahawa wa dukani. Shati, mpelekee fundi cherehani wa barazani. Chakula cha mchana, nenda kwa Mama Gode. Aliwasema mafundi wake kwa jambo hilo mpaka wakazoea, na kila adhuhuri walikuja kundi zima, vumbi la mbao limejaa nywele, wanagombania ukoko.

Kisha akamtuma mshenga, mzee Anton. Posa ikakubaliwa, watu wakapiga vigelegele. Na tangu wiki ile Octavian hakukanyaga tena mgahawani. Mafundi wake nao wakapungua, mmoja mmoja, kwa sababu walizoea kufuata mguu wake. Masufuria yakawa yanarudi nyuma yakiwa yamejaa. Mama Esperansi alikuwa ameshaanza kusema habari za kufunga, warudi Ulyankulu wakalime tumbaku.

Simu ya Godeliva ikalia mlio wa ujumbe. Lilikuwa kundi la wafanyabiashara wa Mtendeni. Mtu ametuma picha: Octavian ameketi kwenye mgahawa mpya wa mtaa wa Ipuli, ule uliofunguliwa na matajiri kutoka nje ya mkoa, mbele yake sahani nyeupe na paja la kuku. Meneja wa pale, dada mmoja aitwaye Advera, ameandika chini yake: "Hata mzee wa pesa ya Tabora ilale Tabora amehamia kwetu! Karibuni Ipuli."

Watu walikuwa wanachangia.

"Si ndiye aliyetuhubiria tule kwa wenyeji?"

"Wenyeji gani? Wale si wakimbizi wa Ulyankulu?"

Hilo la mwisho Godeliva alilisoma, akalisoma tena. Mama yake aliingia nchi hii kutoka Burundi akiwa mtoto wa mgongoni. Yeye mwenyewe amezaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, amesoma hapa, uraia wanao. Hakuna mteja aliyewahi kuuliza maharage yale yanapikwa na mkono wa kabila gani. Kumbe kuna waliokuwa wanakula huku wanajiuliza.

Akamwandikia Octavian: "Uko wapi?"

"Ipuli mpenzi, kazini. Nitakupigia."

"Mbona huji kula kwetu siku hizi?"

Jibu lilichelewa. Lilipokuja, lilisema: "Sababu unaijua mwenyewe. Si vizuri kuiandika."

"Mama," Godeliva alisema, anavua aproni, "nipakulie maharage na ndizi kwenye hotipoti."

"Unampelekea nani?"

"Wewe pakua."

Ipuli alimkuta Octavian uani nyuma ya ule mgahawa, anapiga randa ubao wa meza. Kumbe kazi ilikuwepo kweli: meza mpya zilipangwa safu nzima, zinanukia mbao mbichi. Advera alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya juisi.

"Gode! Umenifuata?" Octavian alitabasamu, akafuta jasho.

Godeliva akaweka hotipoti juu ya ubao, akafunua. Mvuke ukapanda.

"Kula."

Tabasamu likaondoka. Kijana akapeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeambiwa asiguse.

"Siwezi."

"Kuku wa hapa unaweza."

"Huyo ninaweza."

"Chakula cha mama yangu huwezi."

"Gode, tafadhali. Funika hicho chakula. Watu wanatazama."

"Watazame! Tonge moja tu, Okta. Moja."

"Usinitie aibu."

"Aibu? Leo sisi ni aibu?" Sauti ilimpanda mpaka wasaidizi wa jikoni wakachungulia. "Kwa nini usiseme tu? Kwenu wamekukataza kula kwa Warundi!"

"Nani amesema Warundi?" Octavian alishtuka. "Mimi nimetamka Warundi saa ngapi?"

"Dada," Advera aliingilia, "kama ni ugomvi wa nyumbani..."

"Wewe kaa na kuku wako." Godeliva akafunika hotipoti. "Octavian, mwambie mzee Anton asihangaike kurudi kwetu. Posa imekwisha."

Alitembea kwa miguu kutoka Ipuli, hotipoti kwapani, jua la mchana kichwani. Hakulia. Alipofika Mtendeni hakutaka kuonana na mama yake kwanza, akaingia dukani kwa Bi Mwanahawa, akaketi juu ya gunia la chumvi.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba mwanangu. Mbona umevimba hivyo kama andazi?"

Godeliva akamsimulia yote: picha, yale maneno ya wakimbizi, ujumbe wa simu, mikono nyuma ya mgongo. Bi Mwanahawa alisikiliza huku anafunga sukari kwenye vifuko. Godeliva alipofika kwenye habari ya barabara, yule mama akasimamisha mkono.

"Ngoja. Alipomwona mama yako, alivua kofia?"

"Alivua."

"Akageuza uso pembeni?"

"Akatazama ukuta."

"Ndipo akavuka?"

"Ndipo akavuka!"

Bi Mwanahawa alicheka mpaka akashika kaunta. "Yarabi! Nyie watu mmekaa na Wanyamwezi miaka yote hii na bado hamtujui? Huyo amekuwa mkwe! Mkwe wa zamani hapiti njia moja na mama mkwe. Akimwona anapisha, macho pembeni. Na chungu cha mama mkwe haonji mpaka wakubwa wamwondolee mwiko. Vijana wa leo wengi wameacha, lakini yule amelelewa na bibi yake kule Itetemia. Bibi Bertila! Mwanamke yule hata paka wake ana mwiko."

Godeliva alikodoa macho. "Kwetu mkwe akija ndiye anayepakuliwa wa kwanza. Tena finyango kubwa."

"Ndiyo nakwambia. Wewe umemfuata mbele za watu na chungu cha mkwewe, umemwambia ale. Bora ungemwambia avue suruali."

"Mungu wangu." Godeliva aliziba uso. "Kwa nini basi asiniambie?"

"Adabu ikitangazwa inabaki adabu?"

Godeliva alipiga simu pale pale, juu ya gunia la chumvi. Bi Mwanahawa alijifanya anapanga vibiriti.

"Okta."

"Nakusikia."

"Bi Mwanahawa amenieleza. Habari ya mkwe."

 Octavian akashusha pumzi. "Nilidhani unajua. Hapa nani hajui?"

"Mimi sikujua, na mama hakujua. Nisamehe kwa yale ya Ipuli. Lakini na wewe nisikilize. Mama anamwaga chakula kila siku. Adabu yako inafunga mgahawa wake."

"Anamwaga? Kwani mafundi wangu hawaji?"

"Wanakufuata wewe! Ulipoacha, wakaacha."

"Mimi niko huku kutwa, Gode, sikujua. Hawa wenye mgahawa tulipatana meza zote zichongwe na mafundi wa Tabora, na chakula cha mchana juu yao. Nikaona hapo nimewashinda." Akashusha sauti. "Unajua niliacha lini kuja? Siku ile baada ya posa nilikula kama kawaida, nikatoa hela, mama akanirudishia mkononi. Akasema mkwe hatozwi. Nikajua basi, si mteja tena. Nimekula chungu cha mkwe wangu. Nilipata tabu usiku ule mpaka nikaenda kuungama kwa bibi."

Godeliva alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. "Bibi akasemaje?"

"Alisema mwiko hauondolewi kabla ya harusi."

"Harusi gani? Mimi nimevunja posa."

"Nilisikia. Ipuli nzima imesikia."

"Basi mlete bibi yako tuonane naye. Na usipokuja naye, usije."

Jioni ile kwenye kundi la wafanyabiashara kukaingia ujumbe kutoka kwa Octavian: "Kwa aliyeandika wakimbizi. Mama huyo anapika Mtendeni, ushuru anatoa, mchele ananunua kwenu. Asipokuwa mwenyeji yeye, mwenyeji ni nani? Na kuku wa Ipuli ni wa kazi, si wa kuhamia. Mimi namwoa binti yake, kama bado ananitaka."

Hakuna aliyejibu, isipokuwa Bi Mwanahawa, aliyetuma mikono ya kupiga makofi kumi na kitu.

Jumamosi Bibi Bertila alifika kwa bodaboda, amekaa upande, miguu pamoja, kitenge kimefungwa sawasawa. Octavian alibaki nje, ameupa mlango mgongo.

"Shikamoo bibi," Godeliva alipiga goti.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye sauti kubwa?"

"Ni mimi, bibi."

"Inafaa sokoni. Nipe chakula."

Akala maharage. Akaomba kisamvu, akala. Akaomba ndizi. Mama Esperansi alisimama pembeni amekunja mikono, na kila mara akitaka kusema neno, bibi aliinua kidole cha mafuta kumnyamazisha. Mwisho akanawa.

"Mama Gode, hapa ni nyumbani kwako au ni biashara?"

"Biashara, bibi. Nyumbani ni kule nyuma."

"Mimi nilipe nini?"

"Hapana, bibi, wewe ni mgeni wetu, wewe ni..."

"Hapo hapo!" Bibi Bertila akapiga meza. "Hapo ndipo ulipomharibia mjukuu wangu. Kila mtu ukimfanya ndugu, mteja atakuwa nani? Enzi zetu hatukuwa na mama mkwe anayeuza wali, kwa hiyo hilo wazee hawakulitolea neno. Nalitolea mimi. Mwiko ni chungu cha nyumbani. Hiki ni cha biashara. Akilipa ni mteja, na mteja hana mama mkwe."

"Nimtoze mkwe wangu?" Mama Esperansi alishika kifua. "Kwetu watanicheka mpaka nife. Bora nifunge."

"Mama," Godeliva alisema taratibu, "Okta aliwahimiza watu waje wanunue kwako. Hakuwaambia waje waombe."

Mama Esperansi alimtazama binti yake. Alitazama mabenchi matupu, alitazama masufuria. Kisha akajifunga khanga upya kiunoni.

"Atalipa bei ya watu wote?"

"Bei ya watu wote," alisema bibi. "Siku ukimpunguzia, mwiko umerudi. Na mimi nitalipa, usinikodolee macho."

Mama Esperansi akaingia nyuma ya pazia, kwa sababu biashara ni biashara lakini uso wa mkwe ni uso wa mkwe. Ndipo Godeliva akaenda mlangoni.

"Ingia."

"Posa je?" aliuliza Octavian bila kugeuka.

"Hilo nitajibu ukishakula."

Aliingia, na nyuma yake wakaingia mafundi wake wote, waliokuwa wamejibanza kwenye kivuli cha duka la Bi Mwanahawa wakisubiri hukumu. Mabenchi yakalia. Octavian akachagua kona, ameelekea ukutani, akaweka hela mezani kabla ya kitu chochote. Godeliva akaihesabu mbele ya bibi, akaitia kwenye aproni, akamletea sahani.

Alikula kama mtu aliyetoka kufunga.

"Godeliva!" Sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Mwulize yule mteja wa kona, chumvi imekolea?"

"Mteja anasema imekolea."

"Mwulize, mshenga wake mzee Anton anapenda maharage au kisamvu? Nijue cha kupika Jumapili, baada ya misa."

Octavian aliacha kutafuna. Alimtazama Godeliva. Godeliva alikuwa anafuta meza iliyokuwa safi tangu asubuhi.

"Mjibu mama," alisema.

"Anakula vyote," Octavian aliuambia ukuta.

"Naye alipe?" pazia liliuliza.

"Hapana, mama," alisema Godeliva. "Huyo anakuja kwa shughuli zangu. Sahani yake nailipa mimi."