Maji ya Vuguvugu kwa Shangazi Kasoro

"Miaka kumi na tisa nimeifanya kazi hii, na sijawahi kumpandishia mtu sauti," Inspekta alimwambia koplo wake walipokuwa wanashuka garini. "Kelele ni za mtu aliyeishiwa akili. Andika hiyo."

Koplo akaandika. Alikuwa na daftari zima la maneno ya Inspekta, na mpaka siku ile halijawahi kumsaidia kukamata hata mwizi wa sabuni.

Duka la dawa lilikuwa limefurika. Saa tatu asubuhi foleni imeshafika mlangoni. Mtoto analia, mzee anakohoa, simu inaita na hakuna wa kuipokea. Feni ya darini ilizunguka kama imelazimishwa. Inspekta alipojaribu kupenya, mtu akamshika kiwiko.

"Wewe wa dawa, mbona unapitapita tu? Nipe ya kikohozi."

"Mimi ni polisi."

"Kwani polisi hamkohoi?"

Inspekta akatabasamu kwa shida, akapita.

Chumba cha nyuma kilikuwa chembamba, rafu kila upande, na mwisho wake kulikuwa na friji ndogo nyeupe yenye kitasa cha ufunguo. Mwenye duka alikuwa amesimama mbele yake kama anayelinda kaburi. Alikuwa mfamasia wa siku nyingi, mama mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni.

"Juzi jioni nilifungia humu maboksi matatu ya insulini," alisema. "Leo nafungua, nakuta mawili. Wiki ya pili hii mji mzima hauna insulini. Na kesho wakaguzi wa dawa wanakuja kuhesabu. Wakikuta boksi limepotea, wananifungia duka."

Inspekta akainama. Kitasa kizima. Hakuna mkwaruzo, hakuna alama ya kuchokonolewa.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja huu, nalala nao. Mwingine anao Kimya."

Kimya alikuwa mtunza stoo, jitu la miraba minne, lakini maneno yalimtoka kama anang'olewa meno. Aliitwa, akaja, akasimama mlangoni. Mlango ukapotea.

"Jana ufunguo ulitoka mikononi mwako?"

"Hapana."

"Hata dakika moja?"

"Hapana."

"Basi umeiba wewe."

Kimya akatazama viatu vyake. "Hapana."

"Mnaona?" mwenye duka akadakia. "Tangu asubuhi ni hapana tu. Mtieni pingu mwende naye, labda huko kituoni atajifunza neno la pili."

Koplo akaanza kupapasa mkanda wake. Kimya hakusogea. Ila kidole gumba kilikuwa kinasugua ufunguo kiunoni, kinasugua, kinasugua. Alikuwa na watoto wanne na mke aliyejifungua juzi. Inspekta alikwishaambiwa hayo na mwenye duka mwenyewe, kama sababu ya kutosha ya kuiba.

"Tusubiri," alisema Inspekta. Kuna kitu kilimwasha, hakujua wapi. "Nani mwingine anafanya kazi hapa?"

"Dada Asali tu. Yule wa kaunta. Huyo msimguse, ndiye anayeliweka duka hili mjini."

Inspekta akachungulia kaunta. Dada Asali alikuwa anahudumiwa matusi na mwanamume aliyeandikiwa vidonge vya njano na kupewa vyeupe. Kadiri yule bwana alivyopaza sauti, ndivyo Dada Asali alivyoshusha yake, mpaka bwana ikabidi anyamaze ili asikie anajibiwa nini. Kisha akasukumiwa glasi ya maji. Akanywa. Aliporudisha glasi, alikuwa amesahau alichokuwa anagombea.

"Hakuna anayeweza kumeza na kufoka kwa wakati mmoja," mwenye duka akanong'ona kwa fahari. "Nilimfundisha mimi. Na akishaondoka, anaingizwa humu."

Akamkabidhi Inspekta daftari lenye jalada jeusi. Juu yake iliandikwa kwa kalamu nene: WAKOROFI.

"Mtu akiandikwa mara tatu, hahudumiwi tena. Sheria yangu hiyo. Labda mwizi yumo humo, mtu mwenye kinyongo na duka."

Inspekta akatoka nalo hadi kwenye benchi la wagonjwa, akafunua. Wateja hawakuwa na majina, walikuwa na sifa. *Mama Hizi Siyo Nilizozoea. Daktari wa Simu: kaja na ugonjwa alioutafuta mwenyewe. Mzee Tangi: anagomba, kisha anamaliza maji yetu yote, glasi nne.* Huyo Tangi alikuwa ameandikwa mara tatu na kupigwa mstari mwekundu. Inspekta akacheka peke yake, akafunua tena. Ghafla akakohoa, akaruka kurasa mbili kwa mpigo.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa jana. *Saa sita mchana. Shangazi Kasoro. Kila kitu kibaya.*

"Huyu Kasoro ni nani?"

"Mimi," ikajibu sauti pembeni yake.

Alikuwa ameketi benchi lile lile muda wote, mama mtu mzima mwenye mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama rula.

"Wanadhani sijui wananiitaje. Wewe ndiye polisi? Shati lako halijapigwa pasi kwapani."

"Shangazi, jana mchana ulikuwa hapa. Uliona nini?"

Shangazi alikuwa amesubiri swali hilo maisha yake yote. Alianza na feni, akaja kwenye benchi lenye msumari, akahamia kwenye dawa yake ya macho, kizibo chake kigumu kama kimetengenezewa wanyanyua vyuma. Inspekta akaitazama saa. Mguu wake ukaanza kucheza wenyewe. Kaunta mtu mwingine alikuwa anadai chake, mtoto bado analia, na kule ndani Koplo alikuwa bado ameshika pingu mkononi.

"...na maji yao nayo siku hizi yameharibika."

"Sawa, shangazi, asante sana."

"Usiniambie asante nami sijamaliza. Sifa pekee ya duka hili ilikuwa maji. Baridi ya kung'oa meno. Jana nikaletewa ya vuguvugu, utafikiri ya kumwogeshea mtoto. Nikamwambia yule binti, akatabasamu."

Mguu wa Inspekta ukatulia.

Akageuka kutazama duka, kona hadi kona. Mizani. Kabati la vipodozi. Ndoo ya usafi. Katoni ya maji ya chupa chini ya kaunta, inapigwa na jua la dirishani. Hakukuwa na mtungi wa kupozea. Duka zima lilikuwa na kitu kimoja tu kinachotoa baridi.

"Shangazi, maji aliyafuata nani jana?"

"Huyo huyo mwenye tabasamu. Aliliita lile pande la mtu lije lisimame mbele yangu, yeye akaingia ndani. Nililisemesha dakika tano nzima. Ukuta ungenijibu."

Inspekta akainuka. Koplo akapewa kazi ya kusimama kaunta mahali pa Dada Asali na kuwatuliza watu bila kumpa yeyote dawa yoyote. Ilikuwa amri ya kikatili. Chumba cha nyuma kikabaki na watu wanne na friji.

"Kimya," Inspekta akaanza, "maji ya wateja huwa mnayapoza wapi?"

Kimya akamtazama mwenye duka, akatazama chini.

"Kwenye friji ya dawa hatuweki maji," mwenye duka akasema haraka. "Ni marufuku. Nilishawaonya, mara ya pili ni kufukuzwa kazi."

"Sikukuuliza wewe, mama. Kimya?"

Kimya jasho likamtoka. "Humo," alisema. Lilikuwa neno lake la pili siku ile.

"Chupa ngapi?"

"Mbili. Nyuma kabisa. Chini ya barafu."

"Kwa hiyo mtu akigomba kaunta, friji inafunguliwa. Jana Shangazi Kasoro aligomba. Wewe ulikuwa mbele yake, umesimama kama nguzo. Ufunguo ulikuwa wapi?"

Kidole gumba cha Kimya kikarudi kwenye ufunguo. Inspekta akamgeukia Dada Asali. Tabasamu lilikuwepo bado, ila limechoka.

"Dada, uliingia kufuata maji. Ya baridi yalikuwemo humu. Kwa nini ulimpelekea Shangazi ya kwenye katoni?"

"Nilisahau, afande."

Inspekta akainua macho juu ya rafu. "Jana mchana ulikula nini?"

"Chakula changu. Nilikuja nacho kwenye hotpoti."

Mwenye duka akavua miwani. "Jana? Jana si ulinimalizia biskuti zangu? Ulisema hukupata muda wa kupika."

Wote wakatazama juu ya rafu. Hotpoti ilikuwa pale, nyekundu, mfuniko umebana.

"Hotpoti haijui moto wala baridi," Inspekta akasema taratibu. "Inatunza unachoipa. Mtu akitaka insulini isiharibike tangu saa sita hadi jioni anapotoka kazini, atahitaji kitu cha kuizungushia. Tuseme chupa mbili za maji, zenye baridi ya kung'oa meno."

Nje Koplo alisikika akisema, "Mama, hata mimi sijui inatibu nini."

"Mimi sijui lolote la insulini," Dada Asali akasema.

"Haya." Inspekta akafungua mlango. "Koplo, lete pingu. Mwenye ufunguo ni Kimya, na Kimya anasema ufunguo haukumtoka. Tutakwenda na anachosema."

Kimya akanyoosha mikono yake mbele. Pingu ya kwanza ikagoma, mkono ulikuwa mnene, Koplo akawa anaisukuma.

"Muacheni," Dada Asali akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka sana, ile ya kaunta, mpaka wote wakainama kumsikia. "Alinipa ufunguo mimi. Nimechukua mimi."

"Umempelekea nani?"

"Mzee Tangi."

"Yule wa glasi nne?" Inspekta akauliza.

"Mliona anachekesha, eh? Hata mimi nilicheka. Jina hilo nilimpa mimi, na mara zote tatu nilimwandika mimi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Jumatatu alikuja, kashika karatasi. Kabla hajafungua mdomo nikamwonyesha mlango. Akagomba, akaomba maji, nikamnyima. Alipoondoka, karatasi ikabaki kaunta. Cheti cha daktari. Ameandikiwa insulini."

Koplo akaichomoa pingu, akarudi kaunta.

"Nimesomea kazi hii miaka miwili. Mtu ana kiu isiyoisha, hasira za karibu, anakonda, anakwenda msalani kila baada ya dakika kumi. Swali la kwanza kabisa tuliloulizwa kwenye mtihani lilikuwa hilo. Mimi nikaona ukorofi, nikamtafutia jina. Nikamfuata bosi, nikasema tumhudumie mara moja tu. Ukasema nini, mama?"

Mwenye duka alikuwa anaifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Nilisema sheria ni sheria."

"Na insulini haitoki bila saini yako. Mzee anaishi peke yake, nyumba yake niliipata kwa kuulizia. Jumanne alikuwa hainuki kitandani, anakataa hospitali, anasema huko nako watamfukuza. Jana nikasubiri mtu agombe. Nilijua Shangazi hatoniangusha. Nikatwe mshahara, nifungwe, sawa. Kimya hakujua lolote, alidhani nafuata maji."

"Na wewe kwa nini ulikaa kimya?" Inspekta akamuuliza Kimya.

"Angefukuzwa," Kimya akasema. "Kwa maji." Akafikiri. "Na mimi pia."

"Mzee anaendeleaje?" Ni mwenye duka aliyeuliza, kwa sauti ndogo.

"Mdogo wangu ni muuguzi, ndiye anayemchoma sindano. Leo asubuhi nimepita." Dada Asali akatabasamu, na hili halikuwa la kaunta. "Nilimpa maji. Hakumaliza hata glasi moja."

Inspekta akasubiri. Mlalamikaji alikuwa mwenye duka, na jalada lilikuwa bado halijafunguliwa.

"Cheti kiko wapi?" mama akauliza hatimaye.

"Kwenye faili. Nilikibandika mwenyewe."

Mwenye duka akalivuta faili, akavaa miwani, akasoma cheti kile mstari kwa mstari. Kisha akachukua kalamu na kusaini chini yake, taratibu, kama anayejiandikia adhabu.

"Tarehe ni ya leo. Wakaguzi wakiuliza kwa nini nimesaini baada ya dawa kutoka, nitawajibu mimi. Wewe barua ya onyo unaipata kabla ya saa kumi. Kimya, toa maji humo kwenye friji, na nisiyaone tena. Na hilo daftari liondoke kwenye kaunta yangu."

"Nitalichukua mimi," Inspekta akasema, na tayari lilikuwa kwapani. "Kama kielelezo."

"Kielelezo cha nini, na kesi imekwisha?"

Shangazi Kasoro alikuwa mlangoni. Koplo alikuwa nyuma yake, ameinua mikono kuonyesha kwamba alijaribu.

"Shangazi, haya ni mambo ya kiofisi."

"Pale kwenye benchi uliruka kurasa mbili. Mimi nina mtoto wa jicho moja tu, la pili ni zima." Akalivuta daftari kutoka kwapani mwa dola, akampa Koplo. "Soma, mwanangu. Ule uliokunjwa pembe."

Koplo akasoma, maana alikuwa amezoea kutii. "*Bwana Hunijui. Mrefu, kovu kidevuni. Alitaka dawa ya fangasi wa miguu bila kupanga foleni. Alipiga kaunta mpaka mizani ikaanguka. Alifoka hadi jirani wa duka la viatu akaja kuchungulia. Alipewa maji.*"

Wote wakakitazama kidevu cha Inspekta.

"Nilikuwa mbele kabisa kwenye foleni aliyoiruka," Shangazi akaongeza. "Masikio yangu yalilia siku mbili."

Dada Asali akayaangalia maboksi ya plasta. Alikuwa amemtambua tangu anaingia. Koplo akafungua daftari lake mwenyewe, akatafuta neno la asubuhi, akaweka kalamu juu yake na kusubiri.

"Mimi," Inspekta akanguruma, "sijawahi, kumpandishia, mtu, sauti!"

Foleni nzima ikanyamaza. Mtoto aliyekuwa analia tangu asubuhi akaacha, akamkodolea macho.

Dada Asali, kwa mazoea, akaenda akarudi na glasi. Yalikuwa ya kwenye katoni, yamepigwa jua vizuri. Inspekta akayanywa yote, vuguvugu hivyo hivyo, na hakulalamika.