Plagi Mbili za Pijo ya Mama Fredi

Siku ya pili ya Idd Kubwa, mwaka 1993, saa tisa alasiri, Pijo kuukuu ya Mama Fredi ililipuka ekzosi, bomba la moshi, kwenye njia ya Misigiri. Moto ulizimwa kwa mchanga, lakini abiria, mzee Zefania, aliruka gari likiwa bado linakwenda, akavunjika mguu. Dereva, Fredrick, aliwekwa mahabusu Kiomboi kwa tuhuma za uzembe.

Kesho yake asubuhi Sajenti Abdulhamidi alifika nyumbani kwa Magdalena, mama wa Fredrick. Gari lilikuwa limeburutwa hadi uani. Fundi Simeoni alifungua boneti, akainamia injini.

"Sema, fundi," alisema Sajenti. "Wewe ndiye uliyelitengeneza."

"Afande, plagi hizi mbili za nyaya za umeme zinafanana kabisa. Moja ni ya vali ya hewa. Nyingine ni ya nozeli inayoongeza petroli injini ikiwa ya baridi. Nisije nikakosea, ile ya vali niliifunga uzi mwekundu." Akaonyesha kwa kidole. Plagi yenye uzi mwekundu ilikuwa imechomekwa kwenye nozeli. "Waya wa vali una umeme muda wote injini inapozunguka. Nozeli imemwaga petroli bila kukoma, isiyoungua ikalipukia kwenye ekzosi."

"Basi ulikosea."

"Nimelitengeneza Ijumaa, afande. Limekwenda Singida na kurudi, halitoi moshi. Muulize mama."

"Kweli," alisema Magdalena. "Hata jana asubuhi lilitoka Ilongero zima."

"Likasimama wapi?"

"Hapa. Saa saba Fredi akaacha boneti wazi injini ipoe, nikawaita chakula. Yule akisikia ugali, hata nyumba iungue haangalii nyuma."

"Walikula akina nani?"

"Fredi, huyu fundi na jirani yetu Mselemu. Yaani, Mselemu hakula. Alibaki nje, akaingia wenzake wameshanawa. Nikampelekea maji, akaficha mikono kwenye koti. 'Nimefunga, Mama Fredi.' Nikasema moyoni, mwanangu angejifunza kwa huyu."

Sajenti aliacha kuandika. "Alifunga jana?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mama, siku za Idd Kubwa sisi Waislamu hatufungi. Ni haramu. Hata mtoto wa madrasa anajua."

Mselemu aliitwa. Alikuja akicheka.

"Idd mubarak, afande! Nasikia fundi wetu siku hizi anachoma watu."

"Jana ulifunga saumu gani?"

Kicheko kikakatika. "Nilikuwa... nalipa deni la Ramadhani."

"Siku ya pili ya Idd? Mikono ilikuwa na grisi, Mselemu. Uliogopa kunawa mbele ya watu, ukaogopa na kula nao sinia moja."

"Na Jumamosi aliniuliza ule uzi ni wa nini," alisema Simeoni taratibu. "Nikamweleza yote."

Mselemu alikaa chini. "Zamani watu wa hapa walipanda pikapu yangu tu. Sasa serikali imesema ruksa, kila mtu ananunua gari, anabeba abiria. Nilizibadilisha plagi nikitaka lizimike njiani, watu walikatae. Moto sikuutaka."

"Leo alfajiri ulikuja kunipa pole," alisema Magdalena. "Ukanywa chai yangu, mwanangu yuko ndani."

Sajenti akamwondoa Mselemu kumpeleka kituoni.

Mchana Fredrick aliachiwa. Mama yake alimweleza nani alifanya.

"Bwana Mselemu?" Fredrick alisimama. "Mama, si ndiye aliyenifundisha kuendesha?"

"Ndiye. Kwa hiyo nisikie, baba. Boneti usiiache wazi mbele ya mtu yeyote. Hata mbele yangu."