Moshi Karibu na Mizinga ya Gaudiosa

Asubuhi moja ya Juni, baridi ya Ufipa ikiwa bado inauma vidole, Gaudiosa alikuwa anachambua maharage nje ya nyumba. Akainua macho. Moshi ulikuwa unapanda kwenye msitu wa kijiji, palepale alipotundika mizinga yake ya nyuki.

"Ni Kornel," alisema. "Leo namkamata."

Kornel alikuwa jirani yake. Septemba ya mwaka jana moto uliteketeza mizinga yote, na siku ile Kornel alionekana akitoka msituni. Tangu hapo Gaudiosa hakuitikia salamu yake. Mizinga hii mipya ndiyo ingemsomesha binti yake, Epifania.

Alikimbia hadi msituni. Kweli, Kornel alikuwa ameshika kijinga cha moto. Lakini hakuwa peke yake. Wanakijiji walisimama pembeni na matawi mabichi, na Tusekile, mtaalamu wa misitu, alikuwa anawaelekeza.

"Hata wewe Tusekile umo?"

"Nimo, dada. Serikali ya kijiji imeruhusu. Tazama nyasi, bado zina ubichi, na upepo umetulia. Moto unakwenda chini chini, tunauzima wenyewe. Tunauzungushia msitu ukanda mweusi wa nyasi zilizokwisha ungua. Moto wa Septemba ukifika hapa, utakosa cha kula."

"Na ule wa mwaka jana aliuwasha nani?" Gaudiosa alimkazia macho Kornel.

"Mimi nilikwenda kuuzima," alijibu Kornel. "Ulianzia shambani kwenu."

Gaudiosa hakuamini hata neno moja. Alirudi nyumbani, akamwuliza mumewe, Adriano.

"Baba Epifania, mwaka jana ulichoma shamba?"

Adriano alitazama jembe lake. "Nilichoma. Nikauzima, nikaondoka. Labda kisiki kilibaki na moto ndani, upepo ukauamsha."

Kikulacho ki nguoni mwako. Gaudiosa alimnunia mumewe wiki nzima, naye Adriano alistahili.

Septemba moto ulikuja kutoka kijiji cha pili. Ulifika kwenye ukanda mweusi, ukafa. Adriano naye aliacha kuchoma shamba. Nyasi alizifukia kwenye matuta, kama walivyofanya babu zake Wafipa, zikaoza zikawa mbolea.

Gaudiosa alirina asali. Bakuli la kwanza alilipeleka kwa Kornel.

"Nilikusingizia, kaka. Naona aibu. Nisamehe."

Kornel aliitazama asali. Akamtazama Gaudiosa.

"Onja wewe kwanza," alisema.

Gaudiosa alichovya kidole, akaonja. Kornel alingoja kidogo, akimwangalia, ndipo akaagiza vijiko.