Gauni Alilojaribishwa Chiriku

Kuna mafundi wa kushona wanaongoja wateja kibarazani, na kuna wanaowafuata majumbani. Fundi wetu alikuwa wa hao wa pili, na kazi aliipenda. Alikwisha kukaribishwa chakula huku anapima kiuno. Alikwisha kuamua ugomvi wa mke na mume akiwa na pini mdomoni. Alipima matumbo yaliyobanwa mpaka wenyewe wakakaribia kuzimia, na mama mmoja akaapa kwamba futi ile ya kupimia ndiyo yenye matatizo, si yeye. Vituko vyote hivyo alirudi navyo nyumbani kumsimulia binti yake.

Binti mwenyewe walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukufungwa. Aliongea akila, akioga, hata usingizini.

Lakini siku hizi Chiriku alikuwa haongei.

Ilianza homa, ikaja na kuondoka. Kisha maneno yakapungua, leo haya, kesho yale, mpaka akabaki kutikisa kichwa. Nguo zikamlegea mwilini. Daktari alimchungulia koo, akampima damu, akasema haoni ugonjwa. Mama mtu alikuwa halali wala hali. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na alimwona akimponyoka huku anamtazama.

Jioni moja alimwachia mdogo wake amwangalie mtoto, akatoka mbio kupeleka gauni alilokwisha kulimaliza. Alitaka arudi kabla giza halijaingia.

Gauni lilikuwa la mjukuu wa bibi mmoja aliyekaa nyumba ya mwisho mtaani. Bibi mpole, mcheshi, hana makuu. Shida ilikuwa mjukuu. Hakutaka kuguswa. Alikaa chumbani nyuma ya pazia, na fundi hakuwahi kuona zaidi ya vidole vya miguu vilivyochungulia chini yake.

"Si una binti wewe?" bibi alimwambia siku ya kwanza. "Ni rika moja hao. Pimia kwake tu."

Mafundi hufanya hivyo kila siku. Mteja asipopatikana, hutafutwa mwili unaofanana na wake. Basi, kabla homa haijaanza, fundi akamvalisha Chiriku gauni lile, akamgeuza huku na huku mbele ya kioo, akabana mabega, akapandisha pindo. Chiriku alilipenda sana. Akaomba abaki nalo mpaka wakati wa kulala, na mama yake akamkubalia.

Jioni hiyo bibi alifungua mlango kabla fundi hajabisha hodi.

"Karibu, mwanangu. Leo atatoka."

Sebuleni kulinukia nguo zilizofungiwa sandukuni miaka mingi. Na chini ya harufu hiyo, nyingine... ya udongo uliolowa. Bibi alilichukua gauni, akalipitisha nyuma ya pazia. Kitambaa kikasikika kikisugua kitu kikavu. Kra... kra... kra...

Pazia likasogea.

Mtoto akatoka. Gauni lilimkaa sawasawa, mabega hadi pindo. Uso wake ulikuwa wa mtoto, lakini haukuwa umetulia, kama unga uliokandwa ukaachwa bila kusukumwa. Akamtazama fundi. Kisha akaanza kuongea, mbio mbio, bila kupumua.

"Leo mwalimu katufundisha wimbo, halafu yule mpiga kengele akateleza, halafu nikacheka mpaka nikatolewa nje, halafu..."

Fundi aliijua kila kona ya sauti ile. Alikijua hata kile kigugumizi kidogo kwenye "halafu".

Ilikuwa sauti ya Chiriku.

Hakufikiri. Alichomoa mkasi kwenye kikapu, akalidaka gauni begani, akakata mshono.

Simu ikaita. Alikuwa mdogo wake, na sauti ilimtetemeka.

"Dada, rudi. Mtoto bega limechanika. Amelala tu hapa, hakuna aliyemgusa, na damu inatoka..."

Mkasi ukamdondoka. Akapiga magoti. Akaishika miguu ya bibi.

"Bibi, nakuomba. Mwanangu."

"Hakuna aliyemwibia," bibi akanong'ona, bila ubaya wowote. "Ulimvalisha kwa mkono wako. Gauni linaufuata mwili uliolivaa kwanza."

"Mvue basi."

"Nikimvua abaki na nini? Huyu hana chochote cha kwake."

Fundi alimwangalia yule mtoto aliyesimama na maneno ya Chiriku mdomoni. Alimchukia. Alimhurumia pia, na huruma hiyo ikamtia hofu zaidi.

"Chukueni kwangu," akasema. "Mwacheni wangu."



Bibi akainama. Akaitoa futi iliyoning'inia shingoni mwa fundi. Akampima bega. Akampima kifua. Kisha akaizungusha kooni, akaishikilia hapo.

"Mwite mwanao."

"Chiriku."

"Tena."

"Chiriku..."

"Tena."

Mdomo wa fundi ukafunguka. Hakikutoka kitu.

Gauni lilivuliwa, likabaki sakafuni. Fundi hakungoja. Alitoka mkuku, giza limekwisha kuingia, taa za mtaa mzima zimezimika. Simu ikaita njiani.

"Dada, anaongea," mdogo wake alikuwa analia na kucheka. "Anaongea mpaka ananichosha, damu nayo imekatika. Lakini umeme hakuna. Nafuata mishumaa dukani, mlango nimeurudishia tu. Dada? Unanisikia?"

Alitaka kujibu, ikatoka pumzi tupu. Hakujali. Sauti ni nini mbele ya mtoto? Alikimbia huku machozi yanamtiririka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa na furaha.

Akaingia, akafunga komeo nyuma yake. Chumba kilikuwa cheusi tii.

"Mama?"

Alipapasa hadi kitandani, akampakata. Chiriku akaanza. Ndoto alizoota, kiu aliyokuwa nayo, bega linalomuuma, na shuleni atarudi lini. Mama akamsikiliza, akimpapasa kichwa.

"Mama, mbona hunijibu?"

Akambusu kwenye paji la uso.

"Mama?"

Ngo... ngo... ngo...

"Chiriku." Mtu alikuwa mlangoni. "Chiriku mwanangu, nifungulie. Mama nimerudi."

Fundi aliganda. Sauti ile aliitumia maisha yake yote. Ilikuwa yake.

Chiriku akanyamaza. Mwili wake mdogo ukakakamaa mapajani. Vidole vikaja taratibu gizani, vikagusa midomo iliyokuwa inafunguka na kufungika bila neno.

"Wewe nani?" akanong'ona.

Fundi akamkumbatia kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Hakuwa na njia nyingine ya kumwambia. Na kadiri alivyombana, ndivyo mtoto alivyotapatapa.

"Mama," Chiriku akalia kuelekea mlangoni, "kuna mtu humu ndani. Amenishika."

"Njoo, mwanangu," sauti ikambembeleza, tamu, ya kila siku. "Njoo kwa mama."

Meno yakauma mkono wa fundi. Mtoto akaponyoka. Nyayo zikakimbia gizani, na fundi nyuma yake, akijikwaa, mdomo wazi, akiita bila sauti.

Komeo likavutwa.