Kamba Aliyoiachia Alute

Kila alasiri, upepo wa kijiji cha Sepuka ulipoanza kupeperusha vumbi la uwanjani, Mwalimu Editha alirudi nyumbani pamoja na mwanawe Alute. Mama alibeba madaftari, mtoto alibeba dumu la maji. Njiani walitaniana. Nyumbani Bonifasi, baba yake Alute, aliwasubiri akipepeta alizeti. Mwaka ule ushirika haukuwa tena mnunuzi pekee. Wafanyabiashara wenye malori walifika hadi mlangoni, na kila kaya ilijitahidi kuandaa mzigo wake.

Lakini siku ile Alute alitangulia peke yake. Alitua dumu, akamkabili baba yake.

"Shikamoo, Baba. Kuanzia kesho nitachunga mbuzi. Shuleni siendi tena."

"Marahaba. Kwani mbuzi wamekuita?"

"Mwulize Mwalimu."

Editha alikuwa amefika mlangoni. Alisikia vizuri. Mwanawe hakusema "Mama." Alisema "Mwalimu."

Bonifasi akaweka ungo chini. "Haya, Mwalimu. Kumetokea nini?"

Editha akaeleza. Darasa la sita walikuwa na kipindi cha michezo. Walishindana kuvuta kamba, kwa sababu shule ilikuwa ikichagua timu ya kwenda kwenye mashindano ya tarafa, Ikungi. Kikundi cha Alute kilikaribia kushinda. Ghafla Alute, aliyekuwa wa mwisho nyuma, akaiachia kamba. Kikundi kizima kikaburutwa vumbini.

Baada ya mchezo Editha alitaka kupima jinsi watoto walivyotafakari kazi yao ya pamoja. Akamwita Sixbert, kiranja, aeleze. Sixbert alisimama wima na kusema, "Mwalimu, tulishirikiana vizuri sana. Tatizo ni Alute. Aliachia kamba." Basi Editha akakipa kikundi alama nzuri. Akampa Alute sifuri, na akamwondoa kwenye timu.

"Sikutaka watu waseme nampendelea mwanangu," alimaliza.

Bonifasi alitikisa kichwa. "Mimi mikono ya kazi siikatai. Na mjomba wake kule Mgori anatafuta mchungaji. Lakini sipendi mtoto aache shule kwa ajili ya kamba. Nawapa mpaka Jumatatu mmalizane. Ikishindikana, atakwenda Mgori."

Editha hakuweza kukaa. Alikwenda kwa jirani yake, Mwalimu Martina, aliyefundisha michezo kwa miaka mingi katika kijiji cha pili na aliyekuwa ametoka karibuni kwenye mafunzo ya walimu. Alimkuta uani akichambua mlenda.

"Hodi, Dada Martina."

"Karibu, Mama Alute. Mbona uso umekunjamana hivyo? Kaa hapa, shika mlenda. Kama ni kulia, utalia huku ukichambua."

Editha akacheka bila kutaka. Kisha akasimulia yote. Martina alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulitaka kupima kikundi. Sasa, ulimsikiliza nani?"

"Kiranja."

"Basi umempima kiranja. Wengine hujawapima."

"Lakini, Dada, ndivyo tunavyofanya siku zote. Balozi husemea nyumba kumi, kiranja husemea darasa."

"Mdogo wangu! Vyama vyenyewe vya siasa siku hizi vimekuwa vingi, na kiranja wako bado ni mmoja?"

Walicheka wote wawili. Kisha Martina akaweka mlenda kando.

"Tazama. Neno 'tulishirikiana' halikuambii kitu. Hata mtu aliyesinzia anaweza kulisema. Mwulize kila mtoto aliona nini. Mwulize yeye mwenyewe alifanya nini wakati huo. Halafu mwulize safari ijayo atabadilisha nini, na kwa nini. Mtoto anayetaja mambo yaliyotokea kweli, akayaunganisha na lile atakalolibadilisha, huyo ametafakari. Huyo ndiye wa kupewa alama."

"Na akikiri kwamba alikosea?"

"Usimkate alama kwa sababu amekiri. Ukimkata leo, kesho darasa zima litakuambia, 'Tulishirikiana vizuri sana, Mwalimu.'"

"Wapo wasiojua kuandika vizuri."

"Wasimulie. Waonyeshe kwa kamba. Hupimi mwandiko. Na wewe ulikuwepo uwanjani, kwa hiyo linganisha maneno yao na uliyoyaona. Kisha warudishe wacheze tena. Hapo utajua kama mawazo yao yamefika miguuni, au yameishia mdomoni."

Editha akasimama, akakung'uta majani kwenye khanga. "Jumatatu naanza upya."

"Na ile sifuri?"

"Naifuta. Wala simpi alama nyingine mpaka nimsikie."

Jumapili, baada ya ibada, alimfuata Alute zizini.

"Sikuja kukubembeleza. Nakuomba kesho uje useme yaliyotokea. Ukishasema, kama bado unataka mbuzi, sitakuzuia."

"Hata nikisema vibaya?"

"Hata ukisema vibaya."

Alute akawageukia mbuzi. Lakini asubuhi dumu la maji lilikuwa mkononi mwake.

Siku hiyo Editha aliacha fimbo ofisini, na watoto waliliona hilo. Aliwaeleza watakachoulizwa na jinsi atakavyotoa alama. Kisha, wengine wakiendelea na mazoezi, alimwita kila mmoja pembeni, kwenye ukuta uliozuia upepo.

Wa kwanza alikuwa Eliana, msichana mpole aliyekaa katikati ya kamba.

"Mimi sikusikia Sixbert akisema 'vuta', Mwalimu. Upepo ulichukua sauti. Nilivuta nilipoona mgongo wa mwenzangu wa mbele ukiinama. Kwa hiyo nilichelewa kila mara."

"Utabadilisha nini?"

"Mwenye kutoa sauti akae katikati. Wa mbele na wa nyuma wote watasikia."

Sixbert alikuja kifua mbele. "Tulishirikiana vizuri sana, Mwalimu."

"Wewe uliona nini?"

"Nilikuwa wa mbele kabisa, nawatazama wapinzani..." Akasita. Akageuka kuitazama kamba. "Kumbe wenzangu sikuwaona hata mmoja."

Laurenti, mdogo kuliko wote, alikuja ameshusha mkono wa shati hadi vidoleni. Alianza kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini. Editha alimwacha aseme hivyohivyo mpaka Kiswahili kikaja chenyewe.

"Nilikuwa mbele ya Alute. Nilizungusha kamba kwenye mkono, ingawa ulitukataza. Nilipoanguka ikanibana. Nikalia, nikamwambia Alute aachie. Akaachia mkia, kamba ikalegea, nikachomoa mkono." Akapandisha shati. Alama nyekundu ilikuwa bado imezunguka kifundo cha mkono.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa fimbo. Nikamwomba Alute naye asiseme."

"Na safari ijayo?"

"Nitashika kwa viganja tu. Kwa sababu ukizungusha, huwezi kujitoa mwenyewe. Unawategemea wenzako, na wao hawajui."

Mwisho akaja Alute. Aliyoyasema yalilingana na ya Laurenti.

"Ungebadilisha nini?"

"Hakuna. Nilimwokoa mwenzangu."

Ingekuwa rahisi kumkumbatia na kumaliza hapo. Editha alijizuia. "Ulimwokoa, ndiyo. Lakini wenzako waliburutwa bila kujua kuna nini. Fikiri tena."

Alute alichora mstari vumbini kwa kidole cha mguu.

"Ningepiga kelele kwanza. 'Shikilia!' Wote wangekita miguu, mimi nikaachia taratibu. Hakuna ambaye angeanguka."

"Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta," alisema Editha.

Alama za juu kabisa zilikwenda kwa Laurenti na Eliana. Alute alifuata, na hakulalamika; alirudishwa kwenye timu. Sixbert alipata chache, lakini Editha alimwambia kwamba baada ya mchezo unaofuata ataulizwa tena. Jioni ile, njiani, Alute alinyoosha mkono. "Mama, umechoka. Lete madaftari."

Wiki zilizofuata walijaribu yale waliyoyasema. Eliana alipewa kazi ya kutoa sauti. Walivuta kwa mapigo ya kupura uwele, ambayo kila mtoto aliyajua kutoka nyumbani. Kila walipomaliza waliulizana, na majibu yalizidi kuwa ya kweli. Sixbert alijifunza kugeuka nyuma kabla ya kusema lolote.

Kikundi chao kikachaguliwa kuiwakilisha shule. Huko Ikungi, katika mvutano mgumu kuliko yote, Laurenti aliteleza. "Shikilia!" Alute alipiga kelele. Wote wakakita visigino. Kamba haikusogea. Laurenti akainuka, akashika kwa viganja, na Eliana akaanza tena mapigo. Raundi ile walishinda. Mwisho wa siku walikuwa wa pili katika tarafa, na hakuna aliyerudi na jeraha.

Mwalimu Mkuu aliwapokea shuleni mbele ya wanafunzi wote.

"Kiranja, njoo hapa utueleze mlivyofanya!"

Sixbert alipiga hatua, akasimama wima kama kawaida yake. Akafungua kinywa. Kisha akakifunga, akageuka kuwatazama wenzake, mmoja baada ya mwingine.

"Mwalimu Mkuu, mimi nilikuwa mbele. Mengi yalitokea nyuma yangu. Naomba aanze Laurenti."

Laurenti akakunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko, akajitokeza.