Aliyenyooshewa Kidole

Asubuhi ile msusi alikuwa jikoni anapika damu. Majirani walishazoea, wakisikia harufu ya sukari inayoungua walijua Bwana Kata anapiga filamu mpya. Aliyeyusha sukari, akatia unga kidogo na rangi nyekundu, akakoroga mpaka ikawa nzito ya kuteremka taratibu kwenye kifua cha mtu. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, na kama kawaida yake alikuwa ananung'unika.

"Nyumba za wenzetu asubuhi wanachemsha chai. Sisi tunachemsha damu."

"Ni sukari tu, Mama. Onja."

"Onja wewe."

Damu ile ilikuwa ya mdogo wa kiume wa msusi, kitinda mimba wa nyumba, mwanamume mrefu mwenye macho ya upole ambaye mtaa mzima ulimwita Marehemu. Jina hilo alilipata kwa jasho lake. Katika kila filamu ya Bwana Kata, yeye ndiye aliyeuawa wa kwanza. Alishakufa akila, akishona kifungo, akifunga kamba za viatu. Watu wakimwona njiani humsalimia, "Marehemu, umeamkaje?" Naye hujibu, "Nimeamka salama, ingawa haikutarajiwa." Mama peke yake hakuwahi kulitia jina hilo mdomoni.

Bwana Kata alikuwa mwongozaji wao, na aliitwa hivyo kwa sababu hata mezani, akitaka watu wanyamaze, alipiga kelele "Kata!" Filamu zake zote zilikuwa za muuaji wa kukodiwa. Hapakuwa na magari ya kulipuka wala majengo ya kuporomoka. Palikuwa na bastola ya mbao iliyopakwa rangi nyeusi, koti moja lililovaliwa kwa zamu, na vyumba vya kuazima. Mara nyingine kivuli cha mpiga kamera kilionekana ukutani, na hakuna aliyejali. Banda la video lilijaa mpaka watu wakakaa chini.

Msusi hakuelewa watu wanafuata nini pale. Siku moja alimuuliza mdogo wake.

"Dada, hebu fikiria," Marehemu alimwambia. "Nenda ofisi yoyote, utaambiwa njoo kesho. Fundi naye kesho. Mwenye nyumba kesho. Sasa anatokea mtu mmoja, kimya, anaonyeshwa kazi, anakwenda kuifanya. Hachelewi, haombi radhi. Kwa watu wa hapa huyo ndiye mtu pekee anayemaliza alichoanza."

"Na wewe unayeuawa? Nani anakushangilia wewe?"

Alicheka. "Mimi nikifa vizuri, yeye anaonekana hodari. Ndiyo kazi yangu hiyo."

Siku hiyo walipigia filamu kwenye pagale la mwisho wa mtaa, nyumba ambayo mwenyewe aliijenga mpaka kwenye linta akaiacha. Jua lilikuwa la utosi. Marehemu alikuwa tayari ameketi kwenye kiti, msusi anamfunga mfuko wa damu ndani ya shati, ndipo habari ikaja kwamba mwigizaji wa kumuua hatakuja. Jino limemvimbisha shavu, amekuwa kama puto.

"Muuaji mwenye shavu kama puto!" Bwana Kata alilalama. "Watu watacheka mpaka walie."

Mtu alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemsikia akija. Alivaa suti ya kijivu iliyompwaya kidogo mabegani, uso wake wa kawaida kabisa, wa kumpita mtu sokoni mara kumi usimkumbuke. Bwana Kata alidhani ameletwa na mpiga kamera. Mpiga kamera alidhani ameitwa na Bwana Kata. Njia yote ya kufika pale ilikuwa vumbi jekundu. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa.

"Umefika wakati mwafaka, kaka," Bwana Kata alisema kwa furaha. "Unaweza kazi?"

Mgeni aliuliza neno moja tu, kwa sauti ya chini.

"Nani?"

Bwana Kata alicheka, akanyoosha kidole. "Huyo hapo kwenye kiti. Marehemu."

Yule mtu alimtazama Marehemu kwa makini, kama fundi anayepima nguo kwa macho. Bastola ya mbao ilikuwa kwenye dirisha karibu na mkono wake, hakuigusa. Alipeleka vidole kwenye kifungo cha koti akaanza kulifunga, taratibu. Kamera ilikuwa inarekodi. Msusi alihisi baridi kwenye vifundo vya miguu, kama aliyekanyaga maji. Kisha yule mtu akakiachia kifungo.

"Siyo hapa," alisema.

Akageuka, akatoka.

"Kata!" Bwana Kata aliruka kwa shangwe. "Mmeona macho yale? Mkimbilieni jamani, arudi!"

Mpiga kamera alitoka mbio. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, iliyonyooka, bila mti wala kichochoro. Haikuwa na mtu.

Siku chache zilipita. Marehemu alikuwa anarudi kutoka dukani, muuza matunda mmoja akamshika mkono. "Safari hii umekufa bwana! Umekufa mpaka nikasahau ni filamu!" Mwingine akampiga begani. "Hujawahi kufa vile." Marehemu alitabasamu kwa adabu, akaja saluni kwa dada yake akiwa amekunja uso.

"Dada, mimi sijafa bado. Hatujamaliza kupiga."

Walikwenda pamoja kwenye banda, mchana, wakajibana nyuma karibu na mlango. Ndani joto lilikuwa la kukata pumzi. Kwenye televisheni yule mtu wa suti ya kijivu alikuwa anatembea. Hapakuwa na muziki, hatua zake tu. Watu walishaanza kumsindikiza, "Maliza! Maliza kazi!" Akafika kwenye mlango, akausukuma.

Msusi aliutambua mlango. Aliitambua na meza, na kioo chenye ufa pembeni, na kiti chake cha kuzunguka. Ilikuwa saluni yake. Kwenye kiti alikaa mdogo wake, mgongo mlangoni. Yule mtu akafunga kifungo cha koti. Haukusikika mlio wowote. Marehemu aliteremka kitini mpaka sakafuni, akalala.

Banda lote lililipuka kwa makofi. Mzee mmoja alisimama akirusha kofia juu.

Walipotoka nje, Marehemu alikuwa amebadilika rangi. Aliongea kwa kunong'ona ingawa hapakuwa na wa kuwasikiliza.

"Dada. Mimi nikianguka huwa naukunja mkono, nisiumie kiwiko. Kila filamu. Siwezi kujizuia." Aliutazama mkono wake. "Yule hakuukunja."

Bwana Kata aliapa kwa kila kiapo alichokijua. Alidhani mpiga kamera na wale ndugu wawili waliimalizia kazi saluni. Alipoikuta filamu imekamilika akashukuru, akaisambaza. Mpiga kamera naye alilia machozi kabisa, akisema hakuipiga yeye. Wakaifuta pale pale kwenye kompyuta, msusi akiwa amesimama juu ya vichwa vyao. Kesho yake banda likaionyesha tena. Mwenye banda alisema hana habari. Akiwasha filamu yoyote ile, inakuja hiyo. Na wateja wameipenda, atafanyaje?

Msusi akafunga saluni, akaweka kufuli. Wateja aliwasukia ukumbini kwa mama yake, na Marehemu akajifungia chumba cha nyuma. Lakini banda lilikuwa mtaa wa pili tu, na upepo ukigeuka sauti zilifika. Kila mchana walisikia kimya, kisha sauti za wanaume na wake zao, watu waliowajua kwa nyuso, wote kwa pamoja: "Maliza! Maliza kazi!" Marehemu alikuwa akiziba masikio kwa mto. Alikonda. Akaanza kuuliza swali moja, asubuhi na jioni.

"Nilimkosea nani, Dada?"

"Hukumkosea mtu."

"Basi kwa nini wanafurahi hivyo?"

Mama alikuwa ameacha kunung'unika, na hilo lilimtisha msusi kuliko makelele.

Mwisho alimwendea Bwana Kata. "Wewe ndiye uliyenyoosha kidole," alimwambia. "Nenda kaghairi."

Alikwenda kweli, masikini. Alirudi kutoka pagaleni akiwa amelowa jasho, shati limemganda, akakaa kwenye kizingiti.

"Yupo," alisema. "Nimemwambia basi, tumeghairi. Akaniuliza, 'Sasa ni nani?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nilikimbia, dada." Alifunika uso kwa viganja. "Nilikuwa nimeshaanza kulitaja jina la mtu. Nikakimbia."

Msusi alivua aproni yake. Hakumuaga mama, wala mdogo wake. Alitembea katikati ya barabara, watu wanamsalimia, haitikii.

Yule mtu alikuwa ameketi kwenye tofali, katika chumba kile kile, mikono juu ya magoti. Jua lilimpiga usoni na hakufumba macho.

"Nani?" aliuliza.

Msusi alidhani atalazimika kufikiri. Wala. Majina yalimjaa mdomoni. Mzee wa kofia. Mwenye banda. Bwana Kata. Jirani aliyemsengenya mwaka juzi kwa jambo dogo lisilo na kichwa wala miguu. Aliona haya kwa jinsi yalivyokuja haraka. Lilitosha moja tu. Kidole kimoja. Angerudi nyumbani, wangekula, mdogo wake angelala usingizi.

Alikigeuza kidole kifuani kwake.

"Mimi," alisema.

"Mtu hajinyooshei."

Nzi alitua kwenye shavu la yule mtu, akatembea, akaruka.

"Basi wewe," msusi alinong'ona, akamnyooshea kidole. "Nakutaka wewe."

Yule mtu alikitazama kile kidole kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza uso wake ukawa na kitu, kama cha mtu aliyeitwa na sauti aliyoipenda utotoni.

"Mimi nilishanyooshewa," alisema. "Zamani."

Akasimama. Akapita karibu yake, na hakuwa na harufu yoyote, ya jasho wala ya nguo. Mlangoni akafunga kifungo cha koti.

Msusi alikimbia. Alimfuata, lakini nje hapakuwa na mtu wa kufuata. Alikimbia moja kwa moja nyumbani, akamkuta mama yake amesimama uani, mikono kichwani.

"Mdogo wako ametoka kukutafuta. Ameambiwa umepita barabarani huitikii salamu. Amechukua ufunguo wa saluni, kasema lazima upo huko."

Kufuli la saluni lilikuwa linaning'inia wazi. Ndani palikuwa na ubaridi. Kiti cha kuzunguka kilikuwa bado kinazunguka, polepole, kikasimama kimegeukia mlangoni. Kilikuwa kitupu. Marehemu alikuwa sakafuni.

Mkono haukukunjwa.

Hospitali walisema ni moyo. Hapakuwa na jeraha, hapakuwa na tone la damu. Daktari aliuliza kama alikuwa na mawazo mengi, msusi akasema ndiyo, kwa kuwa hakuwa na neno jingine. Walimzika, na mtaa mzima ulikuja. Wengi walilia kwa uchungu wa kweli. Jirani mmoja mwenye nia njema alimshika mama mkono akamwambia, "Pole, Mama Marehemu." Mama alimtazama kama asiyeelewa lugha.

Bwana Kata alihama na hakuna anayejua alikokwenda. Banda la video liliendelea. Filamu ile ilipotea yenyewe bila kufutwa, zikaja nyingine, za watu wengine, muuaji mwingine na koti jingine, na mchana upepo ukigeuka makelele yalifika uani vile vile. Mama alikuwa akiingia ndani na kufunga dirisha. Hakuwahi tena kuongea zaidi ya maneno ya lazima, na kabla mwaka haujaisha naye akafa, kimya kimya, kama anayeondoka kwenye kikao kisichomhusu.

Msusi alifungua saluni, maana kula kulikuwa kunahitajika. Siku ya kwanza aliingia na ndoo, akapiga deki, akafuta kioo, kisha akavuta droo ya meza kutoa vitana. Chini ya vitana palikuwa na msuko mmoja wa nywele, mwembamba, mfupi kama kidole cha mtoto.

Aliujua kwa mguso kabla ya kuujua kwa macho. Zilikuwa nywele za mdogo wake, ambaye alizikwa na nywele zake zote kichwani; msusi mwenyewe ndiye aliyezichana hospitali. Zilikuwa zimesukwa kwa ustadi, zimebana, na mwisho wake umefungwa kwa fundo ambalo msusi alilibuni peke yake na hakuwahi kumfundisha mtu.

Aliuweka kwenye kiganja. Ulikuwa bado wa moto, kama uliotoka sasa hivi mikononi mwake mwenyewe.